Siku Tatu za Ubud

Ukurasa wa mtandao haukutaja idadi ya ngazi. Josiah akasoma, kwa sauti ile ile aliyosomea mengine yote, kwamba ngazi za kushukia Pango la Tembo ni mia tatu na kumi na mbili.

"Mia tatu," alisema mkewe, Kemunto, bila kugeuza kichwa. Asingeweza kukigeuza. Masika alikuwa amesimama nyuma yake akimsuka, kama kila Jumamosi asubuhi, na rasta zilikuwa zimeshafika utosini.

"Na kumi na mbili. Tena zina utelezi."

"Pembeni iko na kitu ya kushikilia, papa?" aliuliza Masika. Alikuwa Mkongo wa Butembo, amepanga chumba mtaa wa La Rochelle, na katika miaka minne tangu macho ya Kemunto yazimike hakuwa amekosa kuja hata Jumamosi moja.

"Hawajasema."

"Basi tutashuka polepole," alisema Kemunto. "Endelea."

Kemunto alifundisha historia chuo kikuu, na presha ya macho haikumtoa darasani. Septemba alikuwa amealikwa kisiwani Bali, kwenye mkutano wa walimu wasioona, na waandaaji walimruhusu aje na mtu mmoja wa kumsindikiza. Mkutano ungeisha Alhamisi. Ijumaa hadi Jumapili alitaka kuzimalizia Ubud, mji wa kale wenye kasri la wafalme katikati na mahekalu ya mawe pande zote. Simu yake ilikuwa na sauti ya kumsomea, lakini ilibabaika kila ilipokuta picha na ramani. Ndiyo maana alimwomba Josiah.

Josiah alisoma Jumamosi sita mfululizo, na kila Jumamosi aliuharibu mji ule kidogo. Tumbili wa msituni aliwafanya wang'ataji. Njia za miguu alizitoboa mashimo. Mvua aliileta mwezi ambao ukurasa ulisema ni wa jua. Kemunto alisikiliza yote kwa utulivu, kisha akapanga upya: kasri Ijumaa jioni, pango Jumamosi, soko Jumapili kabla watu hawajajaa.

"Na zile ala zao za shaba nataka kukaa karibu nazo, nizisikie kifuani. Chumba kiwe na vitanda viwili."

Josiah aliandika vitanda viwili, asiulize. Pasi yake ya kusafiria alikuwa ameifungia kwenye droo ya ofisi, benki kule Midrand, akingoja siku itakapotakiwa aseme imepotea. Wiki zilipita bila mtu kuitaja, naye akaona bahati iko upande wake.

Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Kemunto, na mkewe alipougua macho alimhangaikia kila hospitali. Lakini kuna Jumapili moja, baada ya ibada, walikuwa wakipita katikati ya maduka, mkono wake mkononi mwa mkewe, akamwona bosi wake anakuja na familia. Vidole vyake vikafunguka vyenyewe. Akaenda mbele hatua kumi, akasalimia, akacheka, akaulizwa kama mkewe hajambo, akajibu hajambo, yuko nyumbani. Alipogeuka, Kemunto alikuwa amesimama pale pale alipomwacha, kiganja wazi, akiliita jina la Josiah kwenye bega la mwanamume asiyemjua. Mlinzi wa kike ndiye aliyemshika akamkalisha kwenye benchi.

"Nilikutana na mtu," Josiah alisema alipofika.

"Sawa," alisema Kemunto. Hakuuliza ni nani.

Tangu siku hiyo aibu ile ilikaa naye kama jipu mahali pasipoonyeshwa daktari. Kila alipofikiria viwanja vitatu vya ndege, foleni, wageni wakiwatazama, yeye akisema inua mguu, shusha mguu, jasho lilimtoka. Na kila jasho lilipomtoka alijichukia.

Ndipo akatunga sentensi. Aliifanyia mazoezi wiki nzima ndani ya gari, njiani kutoka kazini, kila aliposimama kwenye taa nyekundu ya barabarani, ile wanayoiita robot. Sasa, Masika akiendelea kusuka, akaifunga kompyuta.

"Kemunto, kuna jambo. Niliomba likizo kazini. Wamekataa."

Vidole vya Masika vikasimama.

"Nimewabembeleza," aliendelea, na uongo ukaanza kumtoka kwa urahisi uliomtisha. "Nimewaeleza kila kitu. Wanasema Septemba hakuna anayetoka, ni mwezi wa ukaguzi. Nimeumia sana, kwa sababu najua ulivyoutamani mji huo. Labda twende mwaka kesho, tukiwa na nafasi."

Uso ulimwaka moto. Alishukuru kwamba mkewe hauoni, na shukrani hiyo ikamchoma kuliko uongo wenyewe. Alikaza macho kwenye sakafu, akangoja kilio, au lawama, au ile "sawa" yake ya siku ile.

Kemunto alikuwa amekunja kipaji, kama mtu aliyesomewa ukurasa wa kitabu kingine.

"Likizo ya nini?" aliuliza.

"Ya Ubud."

Kemunto akapeleka mkono nyuma ya kichwa chake, akapapasa, akaupata mkono wa Masika, akaushika.

"Tiketi zilitoka tangu mwezi wa sita, Josiah," alisema taratibu. "Ni mimi na Masika. Wewe nilikuomba utusomee tu."