Koti la Kocha Stanek

Bi Kovach aliingia ukumbini amekumbatia mfuko wa karatasi, na Noreen akajua kilichomo hata kabla mama huyo hajapata kiti. Umbo lile halifichiki. Ilikuwa helmeti ya marehemu Lonnie, mwanawe.

Kwenye meza ya mbele, baba yake Noreen, Kocha Orville Stanek, alikuwa anahangaika na kipande cha kuku. Wakfu wa mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa helmeti, ulikuwa unakaribia kumvisha medali ya tabia njema na mafanikio. Daktari alishaonya kwamba moyo wa mzee umechoka, asishtuliwe. Noreen alichoomba ni kimoja tu, jioni ile ipite salama.

Lakini mji ule wa makaa ya mawe, huko Pennsylvania, haukuwa na huruma na mzee huyo. Nusu ya watu waliojaa ukumbi wa zimamoto walikuja kula tu. Walimwita muuaji, naye hajawahi kukana.

Kisa chenyewe nani asiyekijua? Ilikuwa mechi ya mwisho nyumbani, ile ambayo akina mama wa vijana wanaomaliza shule huwasindikiza wana wao uwanjani na maua, kisha wakabaki kutazama kando ya benchi. Watu wa chuo kikuu walikuwa jukwaani kumwangalia Lonnie, kama anafaa kupewa ufadhili wa masomo. Lonnie akagongwa kichwa, akatolewa akipepesuka, na Kocha akamnyang'anya helmeti kama ilivyo desturi, maana asiye na helmeti harudi mchezoni. Kisha Kocha akaenda kubishana na refa. Muda si muda, Lonnie huyo yumo uwanjani, helmeti kichwani. Akagongwa tena. Hakuamka.

"Nilimrudishia mimi," Kocha aliwaambia watu palepale. Akaacha kazi, na tangu hapo akawa anazunguka mashuleni, akiwasihi makocha wenzake wazifungie kwa ufunguo helmeti za walioumia. Gazeti lilitoa picha ya siku ile: akina mama na maua yao nyuma, yeye mbele, theluji inaanguka, naye kavaa shati tupu. Watu walisema uchu wa ushindi ulimchemsha damu mpaka hakusikia baridi. Noreen aliichukia picha ile kuliko kitu chochote.

Jina la Kocha liliposomwa, Bi Kovach alisimama na mfuko wake. Noreen akamwahi, akamshika mkono.

"Bi Kovach, nakuomba. Mzee ni mgonjwa. Ukimwaibisha hapa, utamuua."

"Niachie, mwanangu," alijibu bila ukali. "Nimeshachelewa sana."

Akapanda jukwaani. Akaitoa helmeti, imepasuka ubavuni, akaiweka mezani kando ya medali. Kocha alimtazama, uso umempauka.

"Usifanye hivyo, Bernadine," alimsihi. "Nenda kakae. Mimi nimeshazoea."

Bi Kovach akasogeza kipaza sauti.

"Uliificha vizuri, Kocha," alisema. "Ulilivua koti lako, ukaifunika nalo chini ya benchi. Mimi nikaweka maua yangu chini, nikaifunua, nikampelekea mwanangu."