Kanisa Ndani ya Kanisa

Kanisa jipya lilijengwa kulizunguka la zamani, ili Misa isikosekane hata Jumapili moja. Kuta za matofali zilipanda, bati likaezekwa, na kanisa la udongo lililotosha watu arobaini likabaki katikati kama sanduku sebuleni. Sasa lilitolewa kipande kwa kipande kupitia milango mipya, kwa kuwa Askofu angekuja Jumapili kulitabaruku jipya.

Tekla alibeba kifusi kwa karai pamoja na akina mama wengine. Kila alipomwaga nje alirudi mbiombio, macho kwenye ukuta wa mwisho. Mwanawe Severini, fundi, alikuwa ameshainua nyundo.

“Hapo bado,” alisema Tekla.

“Mama, leo Ijumaa. Muda umetubana.”

Tekla alimsogeza kwa bega, akainama, akafuta vumbi usawa wa goti. Alama ya kiganja kidogo ikatokea kwenye udongo, vidole vimetanuka.

Severini akacheka. “Kumbe ufundi niliuanza zamani.”

“Si wewe. Wewe ulikuwa mgongoni nikikandika ukuta huu. Huyo ni dada yako, Anisia.”

Jina hilo alilijua kutoka kwenye msalaba wa makaburini tu. Aliweka nyundo chini, akachukua patasi, akaanza kuukata udongo kuzunguka kiganja kile. Ulikuwa mkavu mno, ukamomonyoka kila alipougusa. Nyuma yao akina mama walisimama na makarai matupu, na Tekla alikuwa amekinga mikono yote miwili chini ya patasi.