L ya Oluoch

Simu ya Muriithi ililia mlio wa kukataa kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne Oluoch akaipangusa skrini ya simu yake kwa mkono wa koti, kana kwamba kosa lilikuwa la vumbi.

"Boss, imekataa," akasema Muriithi, mlinzi wa geti.

"Jaribu tena."

"Tumejaribu mpaka network imechoka."

Ilikuwa saa tano na nusu, na jua la Ruiru lilikuwa limeanza kuuma. Ndani ya bustani ya kukodi muziki ulikuwa ukipigwa na watu karibu mia mbili wameketi chini ya mahema. Oluoch, aliyetengeneza tiketi za watu wote hao, alikuwa nje. Suti mpya ilimbana makwapani. Viatu navyo vilikuwa vipya, na hilo lilikuwa kosa jingine.

Kwa miezi saba, katika ofisi ya chumba kimoja mjini Thika, alikuwa akiunganisha jukwaa lake la kuuzia tiketi na blokcheni. Majirani zake wa Ngoingwa walielezwa wote, hata wasiouliza: ni daftari lenye nakala katika kompyuta za dunia nzima, na kilichoandikwa humo hakifutiki. Tiketi moja, mtu mmoja, jina la kitambulisho. Ikisomwa getini mara moja imekufa; ukitoka, umetoka, hurudi. Wale wanafunzi wa Wendani wanaonusa pilau la watu kila Jumamosi na kuingia bila mwaliko wangekoma. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayehutubia taifa.

Mtambo huo ulikuwa umemfanya mpenzi wake Kui aahirishe shughuli mara mbili. Agosti haukuwa tayari. Desemba ulikuwa tayari, ila ulimwita kila mtu kwa jina moja, Katunge. Mara ya tatu Kui hakufoka, na hapo ndipo Oluoch alipoogopa.

"Ni hii Saturday," Kui alimwambia. "Ikipita imepita. Na mimi pia."

Oluoch angeweza kumpoteza mteja yeyote, mkopo wowote, hata ofisi yenyewe. Lakini si Kui.

Muriithi aliweka kitambulisho kando ya simu na kuyasoma majina polepole. "Hapa ni Oruoch. Hapa kwa tiketi ni Oruoch."

"Si hata wewe umesema ni moja!"

"Kusema ni moja, boss. Kuandika ndio mbili." Akamwonyesha kwa kidole: kitambulisho kilikuwa na L, tiketi ilikuwa na R.

Majina yaliingizwa na Wamboi, shangazi yake Kui na katibu wa kamati ya shughuli, naye aliyaandika jinsi anavyoyatamka: L kwake ni R. Jentrix, mama yake Oluoch, aliingia bila shida. Ouma, rafiki yake waliyekuja naye wamevaa suti za rangi moja, aliingia akipiga mluzi. Hawakuwa na L.

Alimpigia Akello, mwenzake wa kazi aliyeachwa Thika kuuchunga mtambo.

"Nibadilishie herufi moja tu."

"Haibadilishwi."

"Basi nipe tiketi nyingine."

"Zilikuwa mia mbili, zimeisha. Na ile button ya ku-edit, nilipoitoa wewe ndiye ulinitumia emoji ya moto. Pole, Oluoch. Na vile nilikuwa nangoja picha."

Akamrudia mlinzi. "Muriithi, mimi ndiye nilikuandika kazi."

"Ndio. Na jana ukasema nisisikilize mtu, hata kamati. Ukasema hata wewe ukija ukilia, nisifungue." Muriithi akamchungulia usoni. "Na bado hujalia."

Oluoch akautazama ukuta. Juu yake kulikuwa na seng'enge, na hilo pia lilikuwa wazo lake. Aliona aibu, aibu ya kweli. Miezi saba ametengeneza kufuli, na mtu wa kwanza kunaswa nayo ni yeye.

Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Kui. "Uko wapi? Mchungaji ana shughuli ingine Thika saa nane."

"Niko nje," akaandika.

"Nje ya Ruiru?"

"Nje ya geti. Jina langu limekataa."

Dakika ikapita, kisha ya pili. Ndani, muziki ukazimwa, na Oluoch akasikia viti vya plastiki vikisukumwa, vingi, kwa pamoja. Alijua maana ya viti kusukumwa: watu wamechoka kungoja, wanaenda nyumbani. Akaketi kwenye jiwe, suti mpya na yote. Alijua kwamba sasa angelia kweli, na Muriithi bado asingefungua.

Geti likafunguliwa kutoka ndani.

Kui akatoka ameinua gauni lake jeupe lisiguse vumbi. Nyuma yake alikuwa mchungaji na Biblia yake, na nyuma ya mchungaji wageni wote, Wamboi akiwa mbele yao ameinamisha kichwa.

"Kama bwana harusi hawezi kuingia," Kui akasema, akimpa mkono ainuke, "basi harusi itoke."

Mgeni wa mwisho alipokwisha kupita, Muriithi akalifunga geti, akaiwasha simu yake na kuuliza ni nani mwenye tiketi ambayo haijasomwa.