Kifo cha Arobaini na Mbili

Kitako cha bunduki kilimpata Papa Edmund, mzee wa Kizungu, mdomoni, na meno mawili yakaangukia juu ya picha zake mwenyewe.

Picha hizo askari walizikuta zimetapakaa kwenye meza ya barazani. Katika moja, Edmund, kijana bado, amevaa sare ya jeshi na amekanyaga maiti. Katika nyingine anamfunga mtu mtini. Katika ya tatu ameshika upanga unaotona damu. Askari hao wa serikali walikuwa wameambiwa kuna mtu wa vita amefichwa katika nyumba hiyo. Baada ya kuziona picha, hawakuona haja ya kuingia ndani.

"Mercenaire!" Luteni Théodore alifoka, yaani mamluki, akampiga tena. Ulikuwa mwaka wa 1967, mamluki wameasi kule Bukavu, na mji wa Likasi ulikuwa ukipekuliwa mtaa kwa mtaa. Mzungu mwenye picha kama zile alikuwa na siku mbaya.

Jirani, Mama Germaine, alikuwa amepanda juu ya matofali upande wa pili wa ua. Mama huyu hapitwi na jambo.

"Chef, unakosea! Uyu muzee ni muntu ya sinema tu! Kila muntu anayua!"

Na kweli kila mtu alijua. Edmund alianzia kwenye majukwaa ya London, koo likaugua, sauti ikabaki mkwaruzo. Akahamia kwenye filamu za zamani, zile zisizo na sauti, ambako koo halikuhitajika. Siku zote alipewa kuwa mtu mbaya, na mtu mbaya sharti afe mwishoni: alikufa mara arobaini na moja. Filamu zilipoanza kusema, wakamwonyesha mlango. Akaja Katanga kuendesha mashine ya sinema katika kambi ya wafanyakazi, akamwoa Angèle, mjane mwenye mtoto mmoja, Georges. Picha zile alimwonyesha Georges peke yake, mpaka kijana alipojiunga na majandarme wa Katanga, askari waliopigana upande mmoja na mamluki, na kutoonekana tena. Tangu hapo zilikaa sandukuni chini ya kitanda, na ufunguo ukakaa shingoni mwa mzee.

Luteni alimgeukia Angèle. "Weye, mama. Ni kweli, ni muntu ya sinema?"

Angèle, aliyekuwa akiwachosha watu sokoni kwa hadithi za filamu hizo, aliitazama damu kwenye shati la mumewe.

"Hapana, chef. Anadanganya bantu tu. Ni mercenaire."

Germaine nusura aanguke. Tangu Jumatatu alikuwa akimwona Angèle akinunua mikate ya watu watatu, na jana aliona kivuli cha mwanamume kwenye dirisha la jiko. Sasa alielewa kwamba ni hawara, na alimchukia Angèle.

Edmund alimtazama mkewe. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo walipompiga kweli. Mbavu, magoti, vidole kimoja kimoja chini ya buti. Luteni alitaka majina ya wenzake. Mzee aliyataja: jina moja, kikohozi, damu, jina jingine, polepole hata luteni akachoka kuandika. Mara mbili alizirai, mara mbili wakammwagia ndoo ya maji. Angèle alisimama mlangoni. Hakulia, wala hakuondoka.

Saa nane mchana king'ora cha kiwanda kililia. Barabara ikajaa wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, mamia kwa mamia, ovaroli za bluu, kofia ngumu, huwezi kumtambua huyu na yule. Germaine alimwona mwanamume akichomoka nyuma ya jiko la Angèle, ovaroli imemwishia viwikoni. Mwanamume huyo aliruka ua, akaingia katika umati, akatembea bila kugeuka. Germaine alifunga mdomo. Hawara au si hawara, hakuwa mtu wa kuwapa askari nyama nyingine.

Edmund alikuwa kwenye jina la tisa. Aliposikia king'ora alinyamaza, na hawakumtoa neno tena. Wakamsimamisha ukutani, akaanguka. Wakamsimamisha tena, wakampiga risasi tatu.

Katika filamu alikuwa akifa kwa madaha, mkono kifuani, macho juu. Safari hii alianguka kama gunia la unga.

Lori la askari lilipoondoka, Germaine alipita uani mbio, machozi yakimtoka.

"Umeuza bwana yako juu ya mwanaume! Angèle! Umemuuza!"

Angèle alimpita. Alipiga magoti, akakilaza kichwa cha mzee mapajani, akamfuta damu mdomoni kwa ncha ya kitenge. Ufunguo wa sanduku ungali shingoni mwa mzee.

"Georges amepita, papa," alimnong'oneza. "Na ile maneno yangu? Nilisema sawa vile ulinifunza?"