Pale Alipooshea Pampu

Punda walikuwa wameshatoka langoni na mizigo. Mtu na mkewe Tabarno walikuwa wanahamia Kericho kuchuma majani chai, maana mwaka wa pili huu ngano yao imetoa masuke matupu.

Kwenye kona ya shamba punda mmoja akagoma, akang'ata ngano.

"Hata punda anatucheka," mume akasema.

Tabarno akaminya suke kwa ukucha. Maziwa meupe yakamchuruzika kidoleni. Akaminya la pili, la tatu. Yote yamejaa.

"Mzee, hapa ndipo nilipooshea pampu ya kunyunyizia dawa ya viazi. Ile ya buluu, yenye shaba. Maji yote nilirushia haya majani."

"Dawa ya viazi ilishe ngano? Wewe mama!"

"Shusha mizigo."

Msimu uliofuata Tabarno alinyunyizia shamba lote dawa ile ya buluu, wakavuna magunia kumi na tisa; kumbe udongo wao ulikuwa umekosa shaba tu. Hawakuhama tena; punda waliuzwa sokoni Roret. Tabarno alizeekea kwenye nyumba ya mabati. Mume alikufa akiamini ni mvua iliyojaza masuke.