Pumzi ya Tatu

Pfu. Pfu. Pfu.

Isidore alizungusha tena motere kuukuu kwa mkono, sikio ameliinamisha mpaka karibu liguse chuma. Mafiga matatu yanacheza ngoma ndani ya chungu: ni nini? Ndiyo motere ile. Haikuwa na pistoni. Ndani yake kilizunguka chuma kimoja cha pembe tatu, kila pembe na pumzi yake. Pembe ikichakaa, pumzi yake hunyamaza.

Pembe hizi zilikuwa nzima zote. Motere hii, ndani ya ndege aliyoiunda mwenyewe, ingemvusha ziwa mpaka Kigoma, alikokimbilia mke wake Marthe. Mitumbwi yote ya mji wa Baraka, upande huu wa ziwa, ililindwa na askari. Juu angani hakukuwa na askari.

"Sitwayeni Asukulu! Inapumua?"

Ndivyo alivyoitwa sasa: Sitwayeni, yaani raia, na jina la mababu. Isidore lilikuwa jina la ubatizo, na serikali ilikuwa imeyakataza majina hayo. Aliyemwita alikuwa Mlondani, mtu wa usalama, aliyefunga watu kwa sababu ya majina tu. Yeye ndiye aliyeipa ndege ile ruhusa, ati ipambe sikukuu ya chama, na tangu hapo hakukosa kuja hata siku moja. Aliingia katika hangari, ghala la zamani la pamba, begi kwapani, akafunga mlango nyuma yake.

"Bado naangalia, Sitwayeni."

Mlondani akaizunguka ndege ya mbao na turubai, akaigonga ubavuni kama mama anayechagua boga sokoni.

"Iko na viti mbili. Ya pili ni ya nani?"

"Ya... ya bendera."

"Bendera nayo inachoka, inataka kuikala?" Akacheka peke yake. "Na kule juu, iko baridi?"

"Sijui, Sitwayeni. Mi nitazunguka juu ya soko tu, nishuke."

"Kuvuka ziwa haiwezi?"

Isidore akarudi kwenye motere. Shemeji yake, kaka wa Marthe, aliulizwa hivyo hivyo, kwa upole huo huo, na mpaka leo hajarudi nyumbani.

"Haiwezi. Motere imekufa. Pumzi moja haiko."

"Mi nimesikia tatu."

"Ya tatu ni ya uongo. Ngoja nikuonyeshe."

Akachukua bisibisi, akaiingiza katika tundu la moshi, akapapasa mpaka akaupata ukingo wa pembe ya tatu, mwembamba kama ukucha wa mtoto. Marthe, mke wangu, unisamehe. Akakandamiza kwa nguvu, auvunje.

Kach.

Akazungusha. Pfu. Pfu. Halafu kimya.

"Umesikia sasa?"

Mlondani alitafuta pipa kwa mkono, kama kipofu, akaketi. Begi likamponyoka, likamwaga vyake chini: sweta nzito ya sufu, muhogo wa kuchoma uliofungwa kwa jani, na picha ya mwanamke amebeba mtoto mwenye sura ya Mlondani, wamesimama mbele ya stesheni ya Kigoma.

Aliiokota picha, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Isidore," akanong'ona, "mi nilikuwa nangoja tu uniambie ile kiti ya pili haina mwenyewe."