Kitabu cha Kuchekesha

Siku hizi kitabu kikikaa mwaka bila kuchaguliwa na kikundi chochote cha wasomaji, kinafutwa kila mahali. Cha marehemu mama yake Rukaya, alichokirekodi kwa sauti yake mwenyewe, kilikuwa kinafutwa kesho.

“Samahani, mwanangu,” Bi Shemsa, mwenyekiti wa kikundi chao, alimwambia Rukaya mtandaoni. “Safari hii tunataka cha kuchekesha.”

“Hiki kitawavunja mbavu, Bi Shemsa.”

“Haya, tukisikilize. Kikituchosha tunakirudisha.”

Desturi yao ilikuwa mwenye kupendekeza ndiye acheke kwanza. Sauti ya mama ikaanza kusimulia alivyomzika kifungua mimba wake. Nyuso zote kwenye skrini zikamsubiri Rukaya.

Akacheka.